Barua ya kodi ya mafuta imefika, baba yuko njiani na lori

Wiki hii tunaliacha kidogo suala la shule na malezi, tuzungumzie jambo linalozigusa familia zetu nyingi zenye baba, kaka au kijana anayeendesha lori Marekani.

Mama mmoja Mtanzania anayeishi Texas na mumewe na watoto wao watatu ameniandikia. Nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Mumewe ana lori lake mwenyewe na anafanya kazi kwa jina la kampuni yake ndogo. Akiwa njiani, barua ilikuja nyumbani kutoka ofisi ya kodi ya jimbo. Mama akaifungua, akaona maneno "ukaguzi" na "kodi ya mafuta", na chini yake orodha ya kumbukumbu za miaka mitatu. Akaiweka kwenye droo ya jikoni. Hakutaka kumshtua mumewe akiwa kwenye usukani.

Mume alirudi baada ya siku tisa. Wakagombana usiku kucha, na ugomvi wenyewe haukuwa wa kodi. Ulikuwa wa "kwa nini hukuniambia" na "wewe ndiye uliyetupa risiti". Sasa mama anauliza: "Je, tutapoteza lori? Na tuanzie wapi?"

Dada yangu, pole sana. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu najua hauko peke yako.

Kodi yenyewe ni ipi?

Huku nyumbani dereva wa lori akijaza mafuta Dar es Salaam kwenda Tunduma, tozo ya mafuta imo ndani ya bei ya pampu. Akilipa kituoni, amemaliza. Ndiyo maana ndugu wengi hawaelewi dereva wa Marekani anadaiwa nini tena wakati risiti ya kituo anayo.

Kule kila jimbo lina kiwango chake cha kodi ya mafuta, na kodi inatakiwa iende kwa jimbo ambalo barabara zake zimetumika, hata kama mafuta yalinunuliwa kwingine. Texas hutoza senti 20 kwa galoni ya dizeli. California na Pennsylvania hutoza zaidi ya hapo kwa mbali. Dereva akijaza matangi Texas kisha akayamalizia mafuta hayo California, jimbo la California linadai tofauti yake. Na kwa kuwa hakuna geti la forodha kati ya jimbo na jimbo, hesabu hii hufanywa kwa karatasi.

Mkataba unaoendesha mambo haya unajulikana kwa kifupi kama IFTA. Umeunganisha majimbo 48 ya Marekani na majimbo 10 ya Kanada. Unahusu magari yanayovuka mipaka ya majimbo, yenye uzito wa zaidi ya pauni 26,000, au yenye ekseli tatu na kuendelea hata kama ni mepesi kuliko hapo. Mwenye lori hujisajili katika jimbo lake la nyumbani, hupewa leseni na stika za kubandika kwenye lori, na kila robo mwaka hujaza ritani moja tu inayoonyesha maili alizotembea katika kila jimbo na galoni alizonunua. Mwisho wa kuwasilisha ni Aprili 30, Julai 31, Oktoba 31 na Januari 31. Hata kama lori lilikaa gereji robo nzima, ritani hutumwa ikiwa na sifuri. Ukichelewa, faini ni dola 50 au asilimia 10 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa.

Jambo moja la kuangalia kabla hamjaenda mbali. Kama lori lenu liko chini ya kampuni kubwa kwa mkataba wa zaidi ya siku 30, someni mkataba muone nani anawajibika kuripoti kodi hii. Mkataba ukiwa kimya, mwenye wajibu ni kampuni iliyokodi lori. Wapo madereva wanaokatwa kodi ya mafuta kwenye malipo yao kila wiki bila kujua nani anaipeleka.

Barua haina maana kwamba mmeiba

Kila jimbo lina wajibu wa kukagua wastani wa asilimia 3 ya wenye leseni zake kila mwaka. Wengine huchaguliwa kwa sababu hesabu zao zina kitu cha kutiliwa shaka, na wengine kwa sababu tu zamu yao imefika. Jimbo la nyumbani hukagua kwa niaba ya majimbo yote, kwa hiyo hamtasumbuliwa na ofisi 20 tofauti. Na ukaguzi unaweza kuonyesha kwamba mlilipa zaidi, mkarudishiwa.

Kwa ukaguzi wa kawaida, ofisi hutoa taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kuanza. Hapo ndipo droo ya jikoni ilipowagharimu, dada yangu. Nakuelewa kabisa, ulitaka mumeo aendeshe salama. Lakini siku tisa kati ya 30 zilikwisha barua ikiwa chini ya vijiko. Dereva hupokea habari mbaya barabarani kila siku: theluji, tairi, mzigo uliofutwa. Barua kama hii ipige picha, msubiri apaki, kisha mpigie: "Baba fulani, kuna barua. Hakuna aliyekufa. Ukipumzika tuisome pamoja."

Kabla ya kujibu, hakikisheni ni ya kweli. Matapeli nao hutuma barua za kodi. Tafuteni namba ya ofisi kwenye tovuti rasmi ya jimbo, msitumie namba iliyoandikwa kwenye barua, mpige na mtaje namba ya akaunti. Mama akipiga, mara nyingi ataambiwa kwamba hawawezi kuzungumza naye kwa sababu jina lake halimo. Kwa hiyo baba asaini mapema fomu ya kumruhusu mke, au mhasibu, kuzungumza kwa niaba yake.

Mkaguzi anatafuta nini

Anatafuta vitu viwili: maili na mafuta.

Kwa maili, anataka kuona kila safari ilianza lini na kuisha lini, ilitoka wapi kwenda wapi, ilipita njia gani, odometa ilisoma ngapi mwanzo na mwisho, na maili ngapi zilikuwa za jimbo gani. Maili zote huhesabiwa. Kutembea tupu bila mzigo ni maili. Kwenda gereji bila tela ni maili. Kwenda dukani na lori siku ya mapumziko nako ni maili. Wengi huandika maili za mzigo tu, kisha odometa inawaumbua: safari moja inaishia 412,300, inayofuata inaanzia 413,150. Mkaguzi atauliza hizo 850 zilikwenda wapi.

Kwa mafuta, risiti inatakiwa ionyeshe tarehe, jina na anwani ya kituo, idadi ya galoni, aina ya mafuta, bei, namba ya lori na jina la mnunuzi. Ataangalia pia kama galoni zinaingia kwenye matangi. Lori lenye matangi ya galoni 240 haliwezi kujazwa galoni 300. Mara nyingi tatizo hapo ni mafuta ya friji ya tela. Dizeli ya friji haisukumi lori, kwa hiyo haiingii kwenye hesabu ya IFTA, na inatakiwa iwe na risiti yake.

Kumbukumbu hizi zinatakiwa kutunzwa miaka 4 kutoka tarehe ambayo ritani ilitakiwa au iliwasilishwa, ile ya baadaye. Kuuza lori au kufunga kampuni hakuondoi wajibu huo. Na hapa kuna mtego unaowanasa wengi: kifaa cha kielektroniki cha kurekodi saa za dereva. Sheria ya saa za kazi inataka kumbukumbu zake zitunzwe miezi 6 tu. Dereva anaamini "kila kitu kiko kwenye kompyuta", kumbe kampuni ya kifaa haina lazima ya kumtunzia data ya mwaka juzi. Akibadilisha kampuni ya kifaa, huenda data yote imekwenda. Pakueni data hiyo kila mwezi na muihifadhi wenyewe.

Hesabu ya kukosa daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuone inavyopotea, kwa mfano wa namba rahisi.

Lori limetembea maili 26,000 katika robo moja na kutumia galoni 4,000. Hiyo ni maili 6.5 kwa galoni. Kumbukumbu zikiwa hazitoshi, sheria ya IFTA inamruhusu mkaguzi kufanya moja kati ya mawili: kuhesabu kwamba lori lilikwenda maili 4 tu kwa galoni, au kupunguza kiwango mlichoripoti kwa asilimia 20.

Akitumia maili 4, lori "limetumia" galoni 6,500. Mmeongezewa galoni 2,500 ambazo hamkuzichoma. Tuchukue wastani wa kodi senti 30 kwa galoni: hiyo ni dola 750 kwa robo moja. Kwa robo 12 za miaka mitatu ni dola 9,000.

Akipunguza asilimia 20, mnabaki na maili 5.2 kwa galoni, yaani galoni 5,000. Nyongeza ni galoni 1,000, dola 300 kwa robo, dola 3,600 kwa miaka mitatu.

Kwenye yote mawili kuna riba inayohesabiwa kila mwezi tangu kodi ilipotakiwa kulipwa. Na galoni zisizo na risiti zinaweza kuondolewa kabisa, kana kwamba kodi ya pampu hamkuilipa, mkailipa mara ya pili. Mkaguzi pia anaweza kukagua robo chache tu, kisha kosa aliloliona akalisambaza kwenye kipindi chote. Ndiyo maana robo zitakazochaguliwa ni jambo la kuzungumza naye mapema. Kama robo moja haikuwa ya kawaida, labda lori lilikuwa gereji au lilibadilishwa, mwelezeni na mwonyesheni karatasi.

Risiti zimepotea, tufanyeje?

Kwanza, nini msifanye. Atatokea rafiki, na wakati mwingine ndugu kabisa, wa kuwaambia: "Tengenezeni risiti, andikeni safari upya, nani atajua?" Msithubutu. Kukosa karatasi ni kosa la hesabu, na mwisho wake ni malipo. Kughushi karatasi ni udanganyifu, na kwa familia ambayo bado inafuatilia makaratasi ya ukaazi ni kuweka nyumba nzima rehani. Mkaguzi amezoea kuona safari zilizoandikwa zote kwa kalamu moja jioni moja.

Kinachoruhusiwa ni kukusanya ushahidi wa kweli kutoka pengine na kusema wazi kwamba mmeukusanya baadaye:

- Kampuni ya kadi ya mafuta inaweza kutoa taarifa yenye tarehe, kituo na galoni. Baadhi ya vituo vikubwa vina kumbukumbu kwenye akaunti ya dereva.
- Taarifa ya benki peke yake haitoshi kwa kuwa haionyeshi galoni, lakini inawaambia ni kituo gani cha kuombwa nakala.
- Kampuni ya kifaa cha kielektroniki iombwe data ya zamani leo hii, kwa maandishi.
- Hati za mizigo na makubaliano ya bei huonyesha mzigo ulichukuliwa wapi na kushushwa wapi, tarehe gani.
- Ankara za gereji na za kubadilisha oili mara nyingi zina namba ya odometa. Hizi ni dhahabu.
- Taarifa za barabara za kulipia huonyesha lori lilipita wapi, saa ngapi.

Pangeni kila robo kwenye bahasha yake, kila mwezi kwa tarehe. Tengenezeni karatasi moja ya mbele inayosema kilichopo na kisichopo. Mkaguzi akiona mmetaja wenyewe pengo la Machi, atakuwa na sababu ya kuamini Aprili.

Kama siku hazitoshi, ombeni nyongeza ya muda kwa maandishi kabla tarehe haijapita. Wasiojibu kabisa ndio wanaoumia zaidi. Ofisi ikiandika kudai kumbukumbu na isipate, inaweza kukadiria kodi kwa taarifa yoyote iliyo nayo.

Siku ya kukutana naye

Jibuni kilichoulizwa. Msijibu kwa kubahatisha. "Sijui, nitaangalia nikujulishe kesho" ni jibu la heshima. Mpeni nakala, asili zibaki nyumbani. Andikeni jina lake, tarehe na mlichokubaliana kila mnapozungumza.

Akimaliza atawaonyesha matokeo na kuyajadili nanyi. Hapo ndipo pa kuleta karatasi iliyochelewa na kuuliza namba hii imetoka wapi. Mkiona bado amekosea, mna siku 30 baada ya kupewa uamuzi kuomba kusikilizwa, kwa maandishi. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani siku ileile barua inapofika.

Mkidaiwa na hamna fedha yote, ulizeni utaratibu wa kulipa kwa awamu kabla deni halijaiva. Sasa lile swali lako kubwa, dada: ukaguzi wenyewe hauchukui lori. Hatari iko kwenye kunyamaza. Deni lisilojibiwa linaweza kufuta leseni ya IFTA, majimbo yote yanajulishwa, na lori lisilo na leseni halali halivuki mpaka wa jimbo bila matatizo. Benki inayodai marejesho ya lori nayo haisubiri. Lori hupotea kwa njia hiyo, polepole, kwa barua zisizofunguliwa.

Sasa tuongee ya ndani ya nyumba

Watoto kwanza. Familia nyingi zetu kule humtegemea mtoto mkubwa kutafsiri kila barua. Mtoto wa miaka 13 akisoma kwa sauti kwamba baba anaweza kudaiwa maelfu ya dola, usiku hatalala, na shuleni hataandika. Tafuteni mhasibu, ndugu mtu mzima, au ulizeni kama ofisi ina mkalimani. Watoto waambiwe kwa kipimo chao: "Serikali inaangalia mahesabu ya lori. Baba na mama tunashughulikia. Nyumba ipo, chakula kipo."

La pili ni lawama. Baba anaona yeye ndiye anayelala kwenye kiti cha lori wiki tatu, halafu anaulizwa risiti. Mama anaona yeye ndiye mlezi, mpishi, na sasa karani asiyelipwa. Wote wawili mna haki. Lakini kugombana nani alitupa bahasha hakuileti bahasha. Gawaneni kazi kwa maneno yaliyo wazi: baba anapiga picha ya risiti kabla hajatoka kwenye pampu na kuandika odometa anapovuka mpaka wa jimbo. Mama, kama amekubali kazi hiyo, anapokea na kupanga. Na ikiwa ni kazi, iheshimiwe kama kazi. Asipokubali, mlipeni mtunza hesabu, gharama hiyo ni ndogo kuliko dola 9,000.

La tatu ni fedha. Kodi ya robo ifunguliwe akaunti yake ndogo, na kila malipo ya mzigo yaache kitu humo. Fedha hiyo si ya karo, si ya kodi ya nyumba, na samahani kwa kusema, si ya harusi ya binamu. Hapa nazungumza na sisi tulio huku nyumbani. Mtoto wetu akisema "mama, mwezi huu siwezi kutuma, nina ukaguzi", tusimjibu kwamba amebadilika. Dola 8,000 zinazoingia kwake kwa mwezi bado zina dizeli, bima, matairi na majimbo kadhaa yanayosubiri mgao wao.

Mwisho, chagueni saa moja kila wiki, Jumapili jioni kwa mfano, baba akiwa kwenye maegesho na mama mezani, mpitie risiti za wiki kwa simu. Linganisheni idadi ya risiti na malipo ya kadi. Linganisheni odometa ya leo na ya Jumapili iliyopita. Wekeni nakala sehemu mbili, simu na kasha la nyumbani, maana simu huibiwa na makasha hulowa. Mkimaliza hesabu msikate simu. Ongeeni ya nyumbani pia.

Dada yangu wa Texas, una siku 21 zilizobaki. Anza kesho asubuhi na kampuni ya kadi ya mafuta na kampuni ya kifaa, maana hao ndio huchukua muda kujibu. Mumeo apige ofisini asaini fomu ya kukuruhusu. Mengine mtayapanga mezani, mkiwa upande mmoja.

Tukutane wiki ijayo.